Usifungue Jerikeni ya Samli

Bulla Iftin,
Garissa.
Jumanne, 7 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Ilwad,

Kabla sijakusalimu: usifungue ile jerikeni ya njano yenye samli niliyokutumia kwa lori la Salah. Kama imeshafunguliwa, usile tena hata kijiko, na mtoto asipakwe hata tone. Itoe nje sasa hivi, mbali na mbuzi na watoto wa majirani. Nawa mikono kwa sabuni, kisha rudi ukae uisome barua hii mpaka mwisho.

Sasa nakusalimu. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Najua mwanafunzi wangu wa darasa la nne akianza barua kwa amri kabla ya salamu namkata alama, na mama yetu, Mungu amrehemu, angeuliza kama nimelelewa na fisi. U hali gani, abaayo? Mgongo bado unakusumbua? Miguu imepungua kuvimba? Umeshajifungua? Kila nikifika kwenye swali hilo kalamu inakwama. Kliniki ilisema siku zako ni kati ya tarehe tano na kumi na tano ya mwezi huu, kwa hiyo sijui kama namwandikia mja mzito au mzazi mwenye mtoto kifuani. Shemeji Hared hajambo? Wanafunzi wake wameweza kurudi shuleni na matope haya?

Sisi huku tunapumua. Habaryar Saado, mama mdogo wetu, mzima, magoti yake ni yale yale. Shemeji yako Mahat mzima, ingawa shamba lake la Balambala liko chini ya maji na mto bado haujashuka. Qali wangu yuko hapa pembeni amelala mchana kweupe, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa na miaka miwili, nami naandika huku namtazama kifua kinavyopanda na kushuka.

Nimekupigia simu tangu Jumamosi mpaka kidole kikachoka. Namba yako haipatikani, ya Hared haipatikani, ya mwenye duka haipatikani. Nimeambiwa mnara wenu bado haujatengenezwa. Nimepeleka tangazo redioni, likasomwa Jumapili na jana baada ya habari za jioni: Ilwad, mke wa mwalimu Hared, upande wa Tarbaj, dada yako anasema usifungue samli. Sasa nusu ya mji wananisimamisha njiani kuniuliza ni samli gani. Lakini sijui kama huko betri ya redio mnayo.

Kwa hiyo naandika. Shuaib anaondoka kesho na lori lake baada ya sala ya alfajiri na ameniapia atakupa barua hii mkononi, si kwa jirani wala dukani. Nimemwambia na kwa mdomo pia, ila maneno ya mdomo hubadilika kila yanaposhushwa kwenye lori. Nimeandika kwa Kiswahili kama tulivyozoea tangu bwenini, na Hared anaweza kukusomea ikiwa macho yamechoka.

Najua utakavyofanya ukifika hapa. Utacheka, umwambie Hared, "Mkemia wa Serikali ameanza tena." Jina hilo mlinipa wenyewe na sikuwahi kulikataa. Ni mimi niliyemwaga gunia zima kwa ajili ya uvumi wa mchele wa plastiki, na kuku wa jirani wakaula wakanenepa. Ni mimi niliyekataza soda kwenye harusi yako mpaka wajomba wakatuma watu dukani kwa siri. Nimeogopa mambo mengi ambayo hayakuwa na meno, nakubali. Ndiyo maana nakuandikia kirefu. Mtu aliyepiga kelele mara nyingi bure hana budi kueleza vizuri siku ambayo fisi yuko zizini kweli.

Ulipoleta habari mwezi wa pili kwamba mimba hii imevuka miezi ambayo zile mbili hazikuvuka, nilisali rakaa mbili halafu nikaanza kuhangaika. Nikajiambia kwamba siku zako arobaini za uzazi hazitaingia kitu chenye shaka. Unga wa pakiti, maziwa ya kopo, vile vidonge vya supu na juisi za rangi nikaviacha vyote dukani. Nilitaka vyakula vichache vya kawaida, vile alivyokula mama alipotuzaa, na kila kimoja nijue kimetoka kwa nani.

Niliyakataa mahindi kwanza. Gunia la kwanza lilinukia ukungu, la pili punje zake zilikuwa na vidoa vya kijani, na unajua sumukuvu haiondoki hata ukipika siku nzima. Nikachukua mtama. Nikauchambua kwenye ungo siku tatu, punje iliyosinyaa nje, iliyovunjika nje, iliyobadilika rangi nje. Kunde vivyo hivyo. Tende nilichagua zile kavu ambazo hazijapakwa sharubati ya kuzing'arisha. Chumvi, iliki, basi. Yote hayo yamo kwenye gunia jeupe alilobeba Salah, na hayo kula bila wasiwasi, maana yalifungwa kwa nguo na karatasi.

Samli ndiyo niliyoipenda kuliko vyote. Maziwa yalitoka kwa ng'ombe wa Ijara, wa watu tunaowajua kwa majina. Habaryar aliyasukasuka kwa mikono yake, akayeyusha siagi kwa moto mdogo, akatia hulbe, ule uwatu, kidogo. Nyumba nzima ilinukia kama mama yuko jikoni. Sijaona kitu safi zaidi ya hicho katika maisha yangu, na najua sasa kwamba sikuangalia ilipotiwa.

Habaryar alitaka tuitie kwenye dhiil ya mama, kile chombo cha maziwa cha kusukwa kwa mizizi ambacho bado kinaning'inia nyuma ya mlango wake. Mimi nilikataa. Nilisema barabara ni mbaya, lori litarukaruka, dhiil itavuja, na tena ni kumbukumbu ya mama, ikipotea Modogashe nitamlilia nani? Nilisema pia kwamba dunia imebadilika, habaryar. Aliguna tu, unajua mguno wake. Nikamwambia tunazo jerikeni mbili mpya za lita tano alizoleta Mahat, ngumu, zenye kifuniko cha kukaza.

Hazikuwa mpya. Mahat alizileta kutoka shambani wiki ile mto ulipoanza kupanda, alipokuwa akiokoa alichoweza: pampu, majembe, mabomba, na jerikeni hizo mbili tupu. Zilikuwa za dawa ya kunyunyizia nyanya. Unakumbuka Mahat amekuwa mkulima miaka miwili tu, tangu ng'ombe wake walipokwisha kwa ukame. Mtu aliyelelewa na ng'ombe anajua dawa ya kupe, anajua usiilambe. Ila chombo kwake ni chombo. Kikiwa kichafu kinaoshwa, na kinaoshwa kama tulivyofundishwa.

Aliziosha mara saba, Ilwad. Ya kwanza kwa mchanga wa mto, zilizobaki kwa maji, kama chombo kilicholambwa na mbwa. Hakuniambia zilikuwa za nini kwa sababu kwake jambo hilo lilikwisha kwenye ile mara ya saba. Zilipofika nyumbani habaryar akazinusa, akasema zina harufu ya dukani, akazifukiza. Mara tatu. Unajua anavyofukiza jerikeni, anashika kijiti chenye makaa kwenye mdomo wa chombo taratabu ili plastiki isiyeyuke, moshi unaingia, anafunga, anatikisa, anafungua. Mara ya tatu akanipa ninuse. Nilisikia moshi mtupu, ule moshi mtamu wa maziwa ya utotoni. Nikasema alhamdulillahi, hii ni safi.

Jerikeni ya kwanza nikaitia samli yako ikiwa bado vuguvugu, nikampa Salah Jumapili ile, tarehe ishirini na nane. Ya pili ikabaki jikoni.

Alhamisi iliyopita habaryar aliichukua hiyo ya pili kwenda kupokea maziwa ya ngamia yanayoletwa na gari la asubuhi. Mimi na yeye tulikuwa tumefunga, tunamalizia zile saumu sita za Shawwal. Mahat alikuwa Balambala. Nyumba nzima mdomo uliokuwa wazi ni wa Qali peke yake. Alikunywa kikombe kimoja kikubwa, akaomba cha pili, nami nikampa nikafurahi kwamba leo hakunisumbua.

Haikufika saa moja. Nilikuwa nachana nywele zake aende madrasa nikaona jasho linamtoka shingoni kama mtu aliyebeba maji, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Kisha mate. Yalimtoka bila kukoma, akawa anayafuta kwa mkono na yanazidi. Akatapika. Akasema, "Mama, naona kiza," na jua lilikuwa limejaa ua mzima. Nilimshika uso nikatazama macho yake, ile duara nyeusi ya katikati imekuwa ndogo kama tundu la sindano. Miguu ikamlegea. Sikumbuki tulivyofika hospitalini, nakumbuka tu kwamba nilikuwa na kiatu kimoja.

Daktari alikuwa kijana mmoja kutoka Kitui, na Mungu amzidishie. Alimtazama macho tu, akaita watu, wakamchoma sindano, wakamvua nguo, wakamwosha mwili mzima, wakachoma tena. Muda wote aliuliza swali moja: amekula nini? Nikasema maziwa. Maziwa ya nini? Ya ngamia. Yaliwekwa wapi? Habaryar akajibu kabla yangu, kwa Kiswahili chake, na sauti yake ilikuwa na hasira kwa sababu alidhani tunatukanwa uchafu.

"Daktari, hiyo jerikeni iko safi. Mimi nachoma moshi mara tatu, mbaka harufu yote naisha. Wewe nafikiri sisi hatujui kuosha chombo?"

Yule kijana hakukasirika. Alimtazama kwa heshima, akasema polepole, "Mama, hiyo harufu ndiyo ingewaokoa. Mmeiua harufu, sumu imebaki."

Habaryar aliniuliza kwa Kisomali amesema nini, ingawa naamini alielewa. Nilipomwambia aliketi chini, pale pale kwenye sakafu ya hospitali, akavuta shuka lake juu ya kichwa.

Nesi Muslimo, yule tuliyesoma naye, alinieleza baadaye tukiwa tunamlinda Qali. Dawa zile huingia ndani ya plastiki yenyewe, kama mafuta yanavyoingia kwenye ngozi. Maji hayazitoi, mchanga hauzitoi, moshi ndio kabisa. Halafu ukitia kitu juu yake, zinatoka tena polepole. Nikamuuliza, na nilijuta kuuliza, kitu gani huzitoa zaidi. Akasema mafuta. Kitu chenye mafuta, hasa kikiwa na moto.

Wakati huo bado sikuwa nimekumbuka. Utashangaa, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye kile kitanda. Mahat alifika Jumamosi, kwa mtumbwi na kwa miguu, matope mpaka kiunoni. Muslimo akamwonyesha jerikeni. Aliitambua. Akasimama akanyoosha vidole vyake, vitano na viwili, kama mtoto anayehesabu, akasema, "Niliosha mara saba, Roda. Ya kwanza kwa mchanga." Nikasema najua. Akasema, "Nilizileta mbili. Nyingine iko wapi?"

Nikajibu, "Tarbaj."

Nikachukua simu nikaanza kukupigia pale pale.

Sasa unaelewa kwa nini barua hii imeanza ilivyoanza. Nimekuwa nikikaa na hofu tangu nikiwa msichana, nimezoea kutaniwa kwayo, lakini ile ilikuwa hofu ya vitu vya watu wengine: vya dukani, vya viwandani, vya kwenye picha za simu. Sikuwahi kuogopa mkono wangu mwenyewe. Sasa nauogopa. Nikipika chai natazama sufuria. Jana nilimpa Qali maji akakinusa kikombe kwanza, mtoto wa miaka sita, halafu akanitazama mimi.

Na kila nikifumba macho naona mambo ya huko kwenu. Najua mila yetu, mimi ndiye niliyekuambia uifuate. Kijiko cha samli kwa mzazi kabla hajanyanyuka kitandani. Tone kwenye ulimi wa mtoto. Halafu mtoto anapakwa mwili mzima, kila asubuhi, kila kunjo, ili mifupa ikae. Muslimo amesema ngozi nayo inakunywa, na ya mtoto mchanga inakunywa upesi kuliko yetu. Nilimwomba anyamaze.

Kwa hiyo sikiliza, nami nakuandikia maneno ya Muslimo kama alivyoniambia. Kama hamjaigusa, Hared achimbe shimo refu mbali na kisima na mbali na njia ya mifugo, aizike na jerikeni yake, baada ya kuitoboa ili asije mtu akaifukua akateka maji. Isimwagwe nje, maana mbwa na mbuzi watailamba. Isitiwe kwenye taa. Asipewe mtu, hata akiomba kwa ajili ya kupaka viatu. Najua ni lita tano za samli ya Ijara na utasikia uchungu, hata mimi nausikia, lakini azike.

Kama mmeshaitumia, hata mara moja, hata kama huoni kitu, ukaogeshwe kwa sabuni na maji mengi, mtoto naye, na nguo zilizoingia samli zitengwe. Halafu twende kwenye dalili: mate mengi, jasho, kutapika, macho kuona kiza, kifua kubana, misuli kurukaruka, mtoto kulegea na kukataa titi. Ukiona moja tu, msingoje kesho, msingoje mzee wa kusoma dua peke yake. Dua isomwe garini. Mtafute gari lolote mpaka hospitali ya Wajir na mseme neno hili mlangoni: dawa ya wadudu. Mkisema tumbo mtakalishwa kwenye foleni.

Kuhusu lori la Salah, nimesikia habari mbili na sijui niamini ipi. Mtu mmoja wa stendi anasema lilizama kwenye tope mbele ya Modogashe siku nne. Mwingine anasema lilionekana Wajir Ijumaa likishusha mizigo. Maishani mwangu sijawahi kuombea lori likwame, na sasa namwombea Salah maskini akae kwenye tope mpaka Shuaib ampite. Mungu atanisamehe, na Salah nitampikia siku akirudi.

Utauliza basi ule nini, maana nimekuogopesha mpaka huenda na maji utayakataa. Usiyakatae. Yachemshe. Usifanye kama mimi niliyeogopa kila kitu nikasahau kuuliza jambo moja. Kula mtama ule niliouchambua, uji wake na anjera yake. Kula kunde. Kula nyama ya mbuzi iliyochinjwa mbele ya Hared, ichemshwe tu, unywe na mchuzi. Maziwa yatoke kwa mbuzi wenu, yakamuliwe kwenye dhiil au sufuria, yachemshwe, yanywewe siku hiyo hiyo. Nyanya zikija sokoni na weupe wa dawa juu yake, ziache, si lazima mtu ale nyanya. Tende tatu asubuhi. Ni chakula cha kawaida kabisa, hakina hata jina zuri la kumtajia mgeni, ila kabla ya kukila uliza mambo mawili: kimetoka kwa nani, na kimekaa kwenye nini. Mimi niliuliza la kwanza tu.

Shuaib ana mzigo mwingine wako, na huu nataka nikueleze vizuri ili usiutupe kwa hofu. Ni dhiil ya mama. Ndani yake mna samli mpya.

Habaryar ndiye aliyeitengeneza, Jumamosi hiyo hiyo Mahat alipompelekea habari, wakati mimi niko hospitalini. Hakuniuliza. Niliporudi kubadilisha nguo nilimkuta anaifukiza dhiil, na mimi, sitakuficha, nilipiga kelele. Nilimwambia sitaki kuona moshi tena katika nyumba hii. Alimaliza kazi yake kwanza, ndipo akanijibu.

"Moshi tulipewa kwa ajili ya maziwa," alisema. "Hakuna aliyeuambia usafishe dawa ya shamba. Usiupigie kelele moshi kwa kazi ambayo hatukuwahi kuupa."

Nikamwambia siitumi, siwezi kutuma samli nyingine, mikono yangu haina nguvu hiyo. Hakubishana. Alichukua kijiko akala mbele yangu. Akala jioni. Akala Jumapili mara tatu, akajipaka mikononi na usoni, mwanamke wa miaka sabini na moja, akakaa mlangoni kwenye mwanga ili nimwone macho. Jana tena. Kila nikitoka hospitalini namkuta ameketi pale pale, ananiambia, "Njoo nitazame." Namtazama. Macho yake ni yale yale, ya kunichunguza mimi. Leo asubuhi, Qali akiwa ameshafika nyumbani, habaryar aliifunga dhiil na kusema, "Hii imeshapimwa. Mpelekee Ilwad, umwambie chombo ni cha mama yake na kionjo ni changu."

Basi naituma. Ukiogopa kuila sitakulaumu, iache ikae tu ndani, inanukia mama. Lakini mimi mwenyewe nimeila leo mchana, na Mahat ameila, tumekaa kama watu waliokula kiapo.

Mahat anakusalimu na anakuomba msamaha. Nimemwambia msamaha tutaugawana, sehemu kubwa ni yangu. Amesema maji yakishuka ataokota kila chombo cha dawa kilichobaki shambani na kwa majirani zake, kwa sababu sasa tunajua akina mama kadhaa wa Balambala wanatekea maji kwa jerikeni kama zile. Ameanza hapa mtaani kwenda nyumba kwa nyumba na bado matope hayajakauka miguuni. Wengine wanamwambia wameziosha mara saba.

Nisalimie Hared, umwambie Mkemia wa Serikali anamtegemea yeye na jembe lake. Nisalimie mama mkwe wako, na umwombe kwa adabu yangu yote asikubali mtu mwingine apange chakula chako isipokuwa yeye. Habaryar Saado anakubusu kichwani. Qali anasema nikuandikie kwamba amechomwa sindano tisa na hakulia, ambayo si kweli, lakini nimeandika.

Mwenyezi Mungu aliyemrudisha wangu akulindie wako, ndani ya tumbo au nje yake, popote alipo wakati unasoma mstari huu. Akufikishe siku ya arobaini ukiwa na nguvu, na akukinge na kila tulichokifanya kwa mapenzi bila kujua.

Nina ombi moja la mwisho. Mdomo wa ile jerikeni niliufunga juu ya kifuniko kwa kitambaa cha kijani, kipande cha garbasaar ya mama, ule mtandio wake, kwa fundo lile la kufungia mzigo wa ngamia alilotufundisha. Wewe hukuwahi kulijua fundo hilo. Miaka yote ulikuwa ukilifungua kwa meno, kisha unaniita nije nilifunge upya kabla mama hajaona. Mwambie Hared akate kitambaa kando, mbali na fundo, umpe Shuaib aniletee. Simu yenu haishiki na barua yako itachelewa, lakini Shuaib atarudi kwa siku nane, na nitakuwa stendi tangu asubuhi. Nikiliona fundo langu lilivyo, nitajua. Na kama limeshafunguliwa, abaayo, niletee hivyo hivyo, kitambaa kitupu. Usilifunge upya ili kunipumzisha moyo. Hujui kulifunga.

Dada yako akupendaye, anayeomba safari hii mmcheke,

Roda